Chumvi, ndoo na mitambo ya upepo inayoelea



Najua nimepotea. Wiki mbili zimepita sijaandika kitu, na kuna mshkaji mmoja kaniuliza kama nimedisko. Hapana, bado nipo nipo. Tulikuwa na tesiti tatu mfululizo, bumu nalo likachelewa kama kawaida yake, na mtu mwenye njaa hata kalamu humwelemea. Leo Jumamosi, mwenzangu wa chumbani yuko bombani anafua, chumba kimetulia. Kuna jambo limenikaa kichwani tangu TP na naomba nilitoe. Linahusu mitambo ya kufua umeme wa upepo inayoelea baharini. Naam, umesoma vizuri. Mwanafunzi wa ualimu, fizikia na hisabati, anataka kuongelea gharama za kusimika mitambo kwenye bahari za watu. Nivumilieni, nitawaeleza nilivyofika huko.

TP nilipangiwa Kidato cha Kwanza, mada ya kuelea na kuzama. Siku msimamizi kutoka chuoni alipokuja kunikagua nilikuwa na andalio la somo limenyooka, tai shingoni, yai moja, ndoo ya maji ya lita 10 na pakiti ya chumvi ya nusu kilo. Mpango ulikuwa rahisi. Yai linazama kwenye maji ya kawaida, unaongeza chumvi, maji yanakuwa mazito, yai linaelea, darasa linapiga makofi. Yai likazama vizuri sana. Nikamwaga chumvi, nikakoroga. Yai kimya. Nikamwaga yote. Yai liko chini limelala kama mgonjwa. Nikamtuma kijana mmoja dukani, na duka lenyewe liko ng'ambo ya barabara. Dakika zinakwenda, watoto zaidi ya sabini wananitazama, msimamizi kule nyuma anaandika. Kijana akarudi na pakiti nyingine, kumbe nayo haitoshi. Kengele ikalia.

Msimamizi hakunifokea. Aliniuliza swali moja tu: "Hili jaribio ulilifanya lini kabla ya leo?" Sikuwa nimelifanya. Ningelijaribu chumbani usiku wake ningegundua kuwa ndoo nzima inataka chumvi nyingi mno, na kwamba glasi moja na vijiko kadhaa vinatosha. Kosa ambalo chumbani lingenigharimu dakika tano, darasani lilinigharimu kipindi kizima. Akaniambia, "Kipindi ndicho kitu cha ghali kuliko vyote ulivyo navyo. Usikitumie kutafuta chumvi." Alama nilizopata sitawaambia.

Basi jioni hiyo nikaanza kutafuta mfano mzuri zaidi wa kitu kizito kinachoelea, ili nikirudia mada watoto wasahau lile yai. Meli ya chuma kila mwalimu anaitumia. Ndipo nikakutana na mitambo ya Hywind Scotland. Jamani, kitu kina urefu wa mita 253 kutoka chini hadi ncha ya panga, mita 78 zikiwa majini na zilizobaki zikiwa juu, na kinaelea wima, kimefungwa kwa minyororo na nanga tatu kisiende popote. Nikasoma usiku kucha. Na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba wale jamaa wa Ulaya na Japani wanahangaika na kosa lilelile la kwangu, ila la kwao lina sifuri nyingi zaidi.

Kwanza, kwa nini mtu aelekeze mtambo wa upepo uelee? Mitambo ya kawaida ya baharini inasimama juu ya nguzo iliyokitwa kwenye sakafu ya bahari. Wadenmark ndio walioanza, pale Vindeby mwaka 1991, mitambo 11 midogo kwenye maji ya kina kifupi. Njia hiyo imefanya kazi vizuri sana, lakini bahari ikizidi kina cha mita 60 hivi, nguzo inakuwa kubwa mno na bei yake haisemeki. Na upepo mwingi mzuri uko huko kwenye maji marefu. Nchi kama Norwei na Japani, ukitoka pwani kidogo tu bahari inadidimia. Kwa hiyo ama unauacha upepo huo, ama unaelea.

Wazo lenyewe si geni. Profesa William Heronemus wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, alilipendekeza mwaka 1972. Lakini mtambo wa kwanza mkubwa unaoelea ulikuja kuwekwa mwaka 2009, Hywind ya kwanza, megawati 2.3, karibu na kisiwa cha Karmøy huko Norwei. Miaka 37 toka wazo hadi kitu! Halafu mwaka 2017 ikaja Hywind Scotland karibu na Peterhead, mitambo mitano ya megawati 6 kila mmoja. Kwa hiyo swali la "je, itaelea?" lilishajibiwa zamani. Inaelea, inahimili dhoruba, inatoa umeme.

Swali lililobaki ni bei. Mwaka 2024 serikali ya Uingereza iliendesha mnada wake wa umeme safi. Mradi mmoja wa kuelea, Green Volt wa megawati 400, ulipata mkataba wa pauni 139.93 kwa kila megawati-saa. Miradi mipya ya nguzo za kukita chini, katika mnada uleule na kwa hesabu ileile ya bei za mwaka 2012, ilipata pauni 58.87. Zaidi ya mara mbili! Upepo ni uleule, mtambo wa juu ni wa jamii ileile, umeme ni uleule. Mlipaji wa mwisho ni mtu wa kawaida anayelipa bili. Kama tofauti hii haitapungua, siku moja watu watasema imetosha, na teknolojia nzima itaishia kuwa picha nzuri kwenye vitabu vya Kidato cha Kwanza.

Sasa gharama iko wapi? Mwenzangu wa chumbani, ambaye anasoma uhandisi na hapa bwenini tunamwita Injinia, ana jibu la haraka: mitambo bado midogo, tengenezeni mikubwa zaidi na machelezo ya kisasa zaidi. (Kile kitako kinachoelea mie nakiita chelezo, kama wazee wa pwani wanavyoliita lile jukwaa la magogo.) Tumebishana naye siku tatu, hadi jirani akagonga ukuta. Mie mtazamo wangu ni tofauti, na ndio ninaouleta hapa: kitu cha ghali ni SIKU YA BAHARINI, na nafuu itapatikana kwa kufanya kazi nchi kavu, kurudia kitu kilekile mara nyingi na kuwa na bandari za maana. Ubunifu mpya kila mwaka hautatufikisha.

Hebu fikiri siku moja ya kazi baharini. Umekodi meli kubwa yenye kreni, na meli za namna hiyo zinakodishwa kwa mamia ya maelfu ya dola kwa siku. Wafanyakazi wako ndani, wanakula, wanalipwa. Asubuhi upepo umeongezeka, mawimbi yamepanda, kazi haifanyiki. Mnasubiri. Kesho yake hivyohivyo. Malipo yanaendelea hata kama hakuna bolti moja iliyokazwa. Na cha kuchekesha ni kwamba umechagua eneo hilo kwa sababu lina upepo mkali! Yaani kile kinachofanya mahali pawe pazuri kwa kufua umeme ndicho kinachopafanya pawe pabaya kwa kusimika.

Mfano hai ni Hywind Tampen ya Norwei, mitambo 11, kilomita 140 hivi kutoka pwani, mahali penye kina cha mita 260 hadi 300. Mwaka 2022 waliweza kusimika mitambo saba. Minne iliyobaki ilikwama kwa sababu vipande vya minara yake vilikuwa na kasoro za chuma. Kasoro yenyewe ilikuwa ya kiwandani, lakini wakati inarekebishwa msimu wa hali nzuri ya hewa ukawa umepita, ikabidi wasubiri hadi mwaka 2023. Umeona hapo? Kasoro ya majuma machache nchi kavu ikageuka kuwa majira mazima ya baridi ya kusubiri. Ndiyo ile chumvi yangu!

Hata fundi wa jahazi wa kwetu analijua hili. Anapiga mbao ufukweni, anakalafati ufukweni, anakagua kila tundu ufukweni, halafu anangoja bamvua maji yajae ndipo anashua. Sijawahi kumwona fundi anayepeleka mbao mojamoja kwenye kina ili akaungie huko.

Kwa hiyo hoja yangu ya kwanza ni hii: kila bolti inayoweza kukazwa gatini ikazwe gatini. Na hapa ushahidi upo. Kwa Hywind Scotland, mitambo iliunganishwa wima kwenye gati huko Stord, Norwei, kisha ikaja Saipem 7000, mojawapo ya meli za kreni kubwa kuliko zote duniani, ikanyanyua kila mtambo mzima mzima na kuuweka juu ya chelezo lake ndani ya maji yaliyotulia. Baada ya hapo ikavutwa kukatisha Bahari ya Kaskazini hadi Scotland. Kazi ilipendeza, lakini meli ile si ya kukodi kama bajaji. Walipofika Tampen wakabadilisha. Mitambo ikafungwa kwa kreni kubwa iliyosimama nchi kavu, pale Gulen, ambako maji ni marefu mpaka karibu kabisa na gati. Kreni ya nchi kavu haiyumbi na haili fedha ya baharini.

Ureno nao walikwenda njia yao. WindFloat Atlantic, mitambo mitatu ya megawati 8.4 kila mmoja, iliyokamilika mwaka 2020, imekaa juu ya machelezo ya nguzo tatu zilizounganishwa pembetatu. Chelezo la namna hii ni pana, kwa hiyo halihitaji kuzama sana ili lisimame imara. Lile la Hywind ni kama chupa ndefu yenye farumi chini, linataka kina cha karibu mita 80 hata kabla halijaenda popote. Bandari ngapi duniani zina kina hicho? Norwei wana bahati ya milango ya bahari yenye kina kirefu katikati ya milima. Wengine hawana. Chelezo pana linatosha kwenye bandari ya kawaida yenye kina kirefu kiasi. Ndiyo maana mitambo ya Ureno ilifungwa yote kwenye gati la Ferrol, Hispania, kwa kreni ya gatini, halafu ikavutwa na tagi hadi mbele ya Viana do Castelo, ikafungwa kwenye nanga zilizokuwa zikiisubiri. Hakuna meli ya kreni iliyokwenda kule nje kuweka mtambo.

Nanga zilizokuwa zikiisubiri, hapo ndipo ilipo hoja ya pili. Kazi za nanga na minyororo zinaweza kutangulia, hata msimu mmoja kabla, zikafanywa na meli ndogo zaidi. Mtambo ukifika, kazi iliyobaki ni kuvua mnyororo na kuunganisha, kisha kebo ya umeme. Ukivuta kitu kikubwa namna ile mwendo wake ni kama wa mtu anayekimbia mchakamchaka taratibu, kwa hiyo ukifika unataka kufunga haraka na kuondoka, usianze kutafuta vifaa. Halafu pale Tampen wakafanya jambo moja ambalo mie kama mtu wa hisabati nimelipenda mno. Kila mtambo unashikwa na minyororo mitatu. Mitambo 11 mara tatu ni nanga 33, sivyo? Wao wametumia 19 tu. Wamepanga mitambo kiasi kwamba nanga moja inashika minyororo ya mitambo zaidi ya mmoja. Nanga 14 hazikununuliwa, hazikusafirishwa, hazikuzamishwa. Hakuna uvumbuzi mpya wa ajabu hapo, ni karatasi na penseli. Hili swali nimeshaliandika kwenye daftari langu la TP ijayo.

Nisiwafiche, Tampen haikuwa peremende. Bajeti ilianza karibu krona bilioni 5 na ikaishia zaidi ya bilioni 7. Mambo yalikuwa mengi, janga la korona likiwemo. Kwa hiyo sisemi kwamba ukifanya haya gharama itashuka kesho asubuhi. Nasema usipoyafanya haitashuka kabisa.

Hoja ya tatu ndiyo iliyotugombanisha na Injinia hadi akanihamishia rediyo yake: KURUDIA. Angalieni Fukushima. Baada ya maafa ya mwaka 2011, Japani ilitaka eneo lile liwe alama ya nishati mpya. Kuanzia mwaka 2013 wakaweka baharini mitambo mitatu inayoelea, ya megawati 2, 7 na 5. Unajua machelezo yalikuwa ya aina ngapi? Matatu. Kila mtambo na chelezo la aina yake, na mtambo wenyewe wa ukubwa wake. Lengo lilikuwa utafiti, nakubali, na utafiti ni lazima. Lakini fedha za umma zilizokwenda huko ni kama yeni bilioni 60, na mwisho wa mwaka 2020 serikali ikaamua kuiondoa yote iliyobaki kwa sababu haikuwa na faida. Mafundi waliosimika mtambo wa kwanza hawakupata nafasi ya kuusimika wa pili ulio sawa na ule. Kila mara walikuwa Kidato cha Kwanza.

Sisi watu wa ualimu tunajua maana yake. Somo ukilifundisha mara ya kwanza unatapatapa. Mkondo B unalifundisha vizuri kuliko mkondo A, na mkondo D unalifundisha ukiwa umefumba macho. Lakini kama kila mkondo unapewa mada tofauti, utatapatapa hadi unastaafu. Hywind wenyewe walirudia aina moja ya chelezo, na kampuni yao, Equinor, ilisema kuwa kutoka mtambo wa mwaka 2009 hadi ile ya Scotland gharama kwa kila megawati ilishuka kwa asilimia 60 hadi 70.

Kuna mzee mmoja Mdenmark anaitwa Henrik Stiesdal. Huyu alianza kuunda mitambo ya upepo akiwa kijana mdogo, umri wetu huu, miaka ya 1970, na mwaka 1979 kampuni ya Vestas ikachukua leseni ya muundo wake. Amekuwepo Vindeby, amekuwepo Hywind ya 2009. Alipobuni chelezo lake mwenyewe, TetraSpar, hakuanza na swali la "kipi kinaelea vizuri zaidi?" Alianza na "kiwanda kinaweza kutengeneza nini kwa wingi?" Viwanda vya minara ya upepo tayari vinatengeneza mabomba ya chuma kila siku. Basi chelezo lake ni mabomba ya namna hiyo, yanaletwa gatini yakiwa tayari, yanaunganishwa bila kuchomelea, na kitu kizito cha chini kinateremshwa kwenye kina baada ya chelezo kuvutwa hadi mahali pake. La majaribio lenye mtambo wa megawati 3.6 liliunganishwa Grenaa, Denmark, likavutwa hadi Karmøy mwaka 2021. Sijui kama ndilo litakaloshinda soko, ila namna ya kuuliza swali ndiyo niliyoipenda.

Sasa upande wa Injinia, nisije nikaonekana namwonea mtu asiyekuwepo. Anasema mtambo mkubwa unapunguza gharama kwa sababu unasimika mara chache. Megawati 88 kwa mitambo ya megawati 2 ni safari 44, kwa mitambo ya megawati 8 ni safari 11. Hesabu iko sawa, simpingi. Mwaka 2024 Wachina wa Mingyang walizindua chelezo moja lenye mitambo miwili, jumla megawati 16.6, na mie nimekiri mbele ya mashahidi kwamba ile ni kazi ya wanaume na wanawake waliosoma. Lakini namuuliza: mtambo ukikua kila baada ya miaka miwili, kreni ya gatini nayo inabidi ikue, gati liimarishwe, chelezo lichorwe upya, na mafundi waanze upya. Nani atawekeza kwenye bandari ambayo itapitwa kabla haijalipa deni lake? Chagueni ukubwa mmoja wa kutosha, kaeni nao miaka kumi. Mtapoteza kidogo kwenye ukubwa, mtapata sana kwenye mazoea.

Rafiki yetu mwingine wa idara ya uchumi, naye tumwite Mchumi, ndiye aliyenibana kweli. Kasema: "Ticha, ili urudie unahitaji oda nyingi. Ili upate oda nyingi unahitaji bei ndogo. Bei ndogo inatokana na kurudia. Yai na kuku, anza na kipi?" Nililala na swali hilo. Jibu langu ni kwamba hapo ndipo serikali inapoingia, na sehemu yake si kulipa bei kubwa peke yake. Kulipa bila masharti ni kumpa mtoto jibu la mtihani. Serikali ijenge kile ambacho kampuni moja haiwezi kujijengea: gati lenye kina na sakafu ya kubeba uzito, sehemu ya maji yaliyotulia ya kuhifadhi machelezo yanayosubiri msimu, na njia ya umeme. Na kwenye mkataba iulize: huu muundo umeshatumika wapi na utarudiwa mara ngapi?

Sehemu ya serikali ikichelewa matokeo yake tumeyaona hapa jirani, tena nchi kavu. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, Kenya, mitambo 365, megawati 310, ulikamilika mwaka 2017. Lakini njia ya kusafirisha umeme ilikuwa haijaisha. Mitambo ikasimama inautazama upepo hadi mwaka 2018, na serikali ikabidi ilipe fidia kwa umeme ambao haukumfikia mtu. Kusubiri kuna bei, hata kama hakuna bahari.

Jambo la mwisho ambalo wengi wanalisahau. Gharama ya kusimika huilipi mara moja. Mwaka 2022 mtambo mmoja wa Kincardine, Scotland, ulihitaji matengenezo makubwa, ikabidi ufunguliwe minyororo na kuvutwa hadi Rotterdam, Uholanzi, halafu urudishwe. Mwaka 2024 mitambo yote mitano ya Hywind Scotland ilivutwa hadi Norwei kwa matengenezo makubwa, kisha ikarudishwa. Kila safari ya namna hiyo ni kusimika upya: tagi, hali ya hewa, minyororo, kebo. Kwa hiyo atakayebuni kiungo cha kufungua na kufunga kwa saa chache, au namna ya kubadilisha vipuri vizito hukohuko mtambo ulipo, atakuwa ameokoa zaidi ya yule aliyeongeza panga mita kumi. Lakini kiungo cha mnyororo hakipigwi picha na waandishi, mnaelewa.

Najua wapo watakaosema, "Wewe hata bumu halijakutosha, Norwei inakuhusu nini?" Haki yenu. Sisemi kesho tuweke mtambo unaoelea hapa kwetu. Ninachosema ni kwamba siku moja mtu atakuja mbele yetu na mradi wa fedha nyingi, uwe wa upepo, wa daraja au wa maabara ya shule, na atatuonyesha picha ya kitu kilichokamilika. Natamani wanafunzi nitakaowafundisha wawe watu wa kuuliza: mmejaribu wapi kabla? Mtafanya mara ngapi? Mnasubiri nani? Picha inapendeza siku zote. Gharama imejificha kwenye kutafuta chumvi.

Na lile yai, nisiwaache hewani. Wiki iliyofuata nilirudia mada na mkondo uleule. Usiku wake nilijaribu chumbani kwa glasi, mara nne, hadi mwenye nyumba akauliza kama nafungua mgahawa. Darasani jaribio lilichukua dakika nane. Yai likapanda taratibu, watoto wakapiga kelele hadi mwalimu wa jirani akachungulia. Dakika zilizobaki nikawachorea Hywind ubaoni, na binti mmoja wa dawati la mbele akauliza, "Ticha, sasa waliipelekaje huko?" Nikamwambia hilo ndilo swali lenyewe.

Msimamizi hakuwepo siku hiyo, bila shaka. Ndiyo maisha.

Ni mtazamo wangu tu, wadau. Injinia amesema atajibu, na Mchumi kaahidi kuja na hesabu zake. Nanyi karibuni mnipinge, ila mje na hoja, msije na ndoo. Ngoja nikamsaidie mwenzangu kuanika, maana wingu linakuja na kafua mashuka yote.

Tuonane wiki ijayo, bumu likipenda.